Ninalehemu, Sirehemu

Namswea,
Mbinga.
16 Juni 2024

Mpendwa shemeji Salvatory,

Uniwie radhi kwa kimya kirefu. Barua yako ilinifikia kabla ya masika, na shikamoo uliyoitanguliza naiitikia leo kwa maandishi: marahaba. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Lushoto? Sisi hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na binti yetu Hilda anashinda shambani.

Kimya changu kina sababu. Misa ya kumbukumbu ya dada yako Tadea itakuwa mwezi wa Agosti, siku tutakayoweka msalaba kaburini, nami ninakitengeneza upya kile kikuza sauti changu cha vali, zile taa za kioo za redio za zamani.

Wewe ulikuwa hospitalini siku ya mazishi, kwa hiyo nikueleze yaliyotokea. Hilda alipoanza kusoma wasifu wa mama yake, chombo changu kilivuma, na maneno yakazama katika mvumo ule. Badala ya kuningoja nikirekebishe, Hamphrey, anayesoma matangazo ya parokia, alikizima. Akasema, "Jamani, mashine ya mwalimu ina kikohozi cha uzee, tuipumzishe!" Watu wakacheka. Walicheka, Salvatory, na jeneza lipo mbele yao. Kisha akamnyang'anya Hilda zamu yake, akaumaliza wasifu kwa maneno yake mwenyewe: "Malehemu alikuwa mama mwema. Apumzike mahari pema."

Mahari! Maisha mazima ya mke wangu yakaishia katika posa. Tuliokuwa mbele tulisikia. Waliojaa nje hawakusikia lolote, na ndiyo maana hadi leo wanamwita msemaji hodari. Sijamsamehe, wala usiniombe nimsamehe.

Ugonjwa wa chombo nimeugundua. Kati ya vali ya kwanza na ya pili kuna kapasita. Kazi yake ni kuzuia umeme mkali wa vali ya kwanza usivuke, na kuiacha sauti peke yake ipite. Kapasita kubwa hupitisha hata mingurumo ya chini kabisa. Ndogo huzuia sauti nzito na kupitisha nyembamba. Mimi niliweka ya sehemu ya kumi ya maikrofaradi, ndicho kipimo chake, kubwa mno kwa kanisa lenye mwangwi kama letu, na kila kishindo cha miguu kilipita pamoja na maneno.

Sasa nimejaribu ya sehemu ya elfu. Ungeisikia! Mvumo umekwisha. Hilda alisoma akiwa ndani ya kanisa, nami nikasimama nje kabisa, penye njia ya bodaboda. Nilisikia kila silabi, "l" ikiwa "l" na "r" ikiwa "r". Paroko amempa Hamphrey sala na matangazo ya siku hiyo pia. Sikupinga. Nilifurahi. Safari hii atasema "mahari pema" na watu wote wa Namswea watamsikia, hata walioketi chini ya migomba. Sitamzima. Nitamwongezea sauti.

Juzi nilikutana naye Mbinga mjini, nje ya duka nilikonunua kapasita hizo na risasi ya kulehemia miguu yake. Alikuwa na wenzake, akataka kuwachekesha. "Shikamoo mwalimu! Bado unarehemu tu hiyo mashine?"

"Marahaba," nikamjibu. "Ninalehemu. Sirehemu."

Akacheka sana na kunipigapiga begani, akidhani nimekubaliana naye. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kuliko siku yoyote ya mwaka huu.

Lakini kuna jambo limenikwaza, nalo linakuhusu. Unakumbuka sauti uliyomrekodi Tadea kwa simu kule Mbamba Bay, akiimba huku akigeuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye kichanja cha kuanikia? Hilda anataka ipigwe mara baada ya komunyo. Jana tuliijaribu kwa kapasita ile ndogo. Salvatory, hakuwa yeye. Unaijua sauti ya dada yako, ilivyokuwa nzito, wanakwaya wakimtania kwamba amewaibia wanaume zamu. Ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa Komunyo ya Kwanza, na ziwa lililokuwa likinguruma nyuma yake likabaki kuwa mchakacho wa majani makavu.

Nikaweka ya sehemu ya mia. Alirudi, na ziwa likarudi pamoja naye. Hilda akalia, nami nikatoka nje kutazama kuku. Lakini kwa kapasita hiyo mwangwi nao unarudi, si wote, ila unatosha kumfunika Hamphrey. Ya kati nayo nimeijaribu: inampunguza Tadea na kumponyesha Hamphrey, hasara mbili kwa pamoja. Na wakati wa misa chombo hakifunguliwi kubadili kapasita.

Hilda aliniuliza, "Baba, hii ni misa ya mama au ya Hamphrey?" Nilimwambia akaanue kahawa.

Wasalimie mkeo Aurelia, na mwanenu Elias, na mama mkwe wake Elias pia. Mungu akulindie kifua chako na akufikishe huku salama mwezi wa Agosti.

Hadi ninapoandika haya, kapasita ile ndogo imo chomboni, lakini nimelehemu mguu wake mmoja tu. Wa pili ungali hewani. Nikishaamua nitakuandikia.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Mwl. Clemence Kinunda