Kokoto Nyeusi za Uwanja wa Shule

Jumatatu, 3 Februari

Utafiti umeanza. Shule tatu, darasa la pili na la tatu, watoto mia mbili na arobaini. Mtihani mfupi wa kusoma, dodoso kwa mzazi, tone la damu kidoleni. Daktari — msimamizi wangu, mwenye mradi — anataka kujua mazingira anayoishi mtoto yanachangia nini kwenye kujifunza kwake. Hayo ni maneno yake. Yangu ni mafupi: nabeba makaratasi na kuhesabu vichwa.

Shule ya kwanza ni ya mama mdogo. Yeye ndiye mwalimu mkuu. Alinilea tangu mama alipofariki, naishi kwake mpaka leo, na binti yangu Kasuku yuko darasa la pili hapo hapo. Nilimwambia Daktari mapema. Akasema haidhuru, kwetu watoto wote ni namba.

Uwanja umependeza! Zamani mvua ikinyesha tulivuka kwa kurukia matofali. Mwaka jana kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kile cha nyuma ya ukuta, kilimwaga malori kumi ya kokoto nyeusi. Bure! Mama mdogo kanizungusha uwanja mzima kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. "Umeona? Hakuna tope. Miaka kumi na moja naandika barua." Watoto walikuwa wamechutama, wanachagua zile zinazong'aa wachezee kete.

Jumatano, 5 Februari

Mtihani wa kusoma. Sielewi.

Kuna msichana wa darasa la tatu. Mwaka jana, kwenye majaribio yetu, alinisomea ukurasa mzima kama anakimbizwa. Karatasi yake ninayo. Leo aliziangalia herufi kama anaangalia siafu wakipita. Nikamuuliza, hili neno gani? Akasema, "Nililijua."

Nililijua! Mtoto wa miaka tisa.

Mwalimu wao anasema darasa la mwaka huu ni wazito, labda ni hizi simu. Nikafungua kitabu cha mahudhurio: tumbo, tumbo, kichwa, tumbo. Mama mdogo anasema wanadeka.

Ijumaa, 7 Februari

Damu. Muuguzi ana mkono mwepesi, waliolia ni wanne tu.

Kasuku hakulia. Hakusema kitu pia. Huyu tuliyempa jina hilo kwa sababu hafungi mdomo! Siku hizi katulia. Nilidhani anakua. Kusema kweli nilishukuru — narudi nyumbani nimechoka, napata amani.

Jumatano, 19 Februari

Miwani, yule wa maabara anayepima damu zetu, kanipigia. Swali la kwanza: uko peke yako?

Amerudia vipimo mara tatu. Risasi. Si ya bunduki, ni yale madini ya kwenye betri. Ikifika tano kwenye damu ya mtoto, tayari ni jambo la kuchukua hatua. Shule mbili za mbali: mbili, tatu, moja. Ya mama mdogo: ishirini na nane. Thelathini na tano. Arobaini na moja. Aliendelea kusoma mpaka nikamwambia basi.

Inafanya nini? Akasema inakula akili polepole. Ikizidi, degedege. Na zaidi.

Nikakimbilia kwa Daktari. Alifunga mlango mwenyewe. Kuna taratibu, akasema: kamati ya maadili, halmashauri, barua. Wiki sita, labda nane. Tukitoboa siri leo mradi umekufa, na hakuna atakayetuamini tena. Nilitoka nikiona kama ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefanya nisilopaswa. Orodha ya majina na namba iko kwenye faili lililofungwa kwa nywila, na nywila ninayo. Nilijiambia nahakiki tu.

Namba arobaini na saba. Kasuku. Risasi: thelathini na nane.

Sikulia. Nikaenda kumwosha miguu. Maji yalitoka meusi, kama kila siku. Akaniuliza mbona nasugua hivyo, anaumia.

Ijumaa, 21 Februari

Kasuku hakwenda shule. Nimetangaza ana homa. Kwenye duka la fotokopi nimechapisha orodha yote, sijui kwa nini. Iko chini ya godoro langu.

Jioni nilimwambia mama mdogo, jikoni, anamenya viazi. Kila kitu: damu, risasi, kokoto. Kisu kikasimama.

"Unaniambia nimewapa watoto sumu?"

Sijasema hivyo, mama.

"Umesema."

Halafu akanishukia. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Jina lake liko kwenye kibao cha ukutani, chini ya jina la kiwanda, na mimi niliyekula kwake, niliyelala kwake, nataka kumvua nguo mbele za watu. Na nina hakika gani? Labda ni mabomba. Labda ni hewa tu. Niliinama nikasikiliza. Akafika mwisho, akavuta pumzi. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini, ile ya ofisini:

"Mwanao umemtoa lini?"

Leo.

"Na wa wenzio?"

Akarudi kwenye viazi. Vilikwisha. Akaanza kumenya vilivyokwisha kumenywa.

Jumatatu, 24 Februari

Kuna mgeni ofisini kwa Daktari. Shati jeupe, adabu tele. Wa kiwandani. Nani kamwambia? Daktari anatazama dirisha.

Mgeni kasema wanathamini sana utafiti, wanafikiria kufadhili awamu ya pili. Kasema wana kokoto nyingine kwa ajili ya uwanja wa nyuma, upande wa wadogo. Kisha, kashika kitasa cha mlango:

"Na binti? Homa imeshuka?"

Pale ofisini sijamwambia mtu yeyote kwamba binti yangu anaumwa.

Alipotoka, Daktari akaniomba kompyuta ya mradi. Kwa usalama wa taarifa. Nikampa. Akaifungia kabatini.

Jumanne, 25 Februari

Asubuhi bombani. Jirani yetu, mama wa mapacha wa darasa la pili. Anauliza wa kwangu bado anaumwa? Bado. Mbona kamwona anaruka kamba? Nikasema homa ya kuja na kuondoka. Akasema mmoja wa mapacha anatapika tangu juzi, ampeleke shule au ampumzishe?

Nilifungua mdomo. Ndoo yake ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, anasubiri jibu langu kwa sababu mimi ndiye msomi wa mtaa. Nikasema, mpumzishe kidogo.

"Kwani inaambukiza?"

Nikacheka. Sijui nilicheka nini. Naye akacheka, akatwika ndoo. Akawapeleka wote wawili. Ana kibarua, hana wa kumwachia.

Saa tano yule mtoto alianguka darasani. Degedege. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Mpaka sasa hajaamka.

Mama mdogo karudi, hakuvua viatu mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kakaa navyo sebuleni, mkoba mapajani, kama mgeni. "Yumo kwenye karatasi zako?"

Nikaenda kuangalia. Yumo. Risasi arobaini na nne. Pacha wake, arobaini na mbili.

Alhamisi, 27 Februari

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa ofisini kwa mama mdogo. Mlango tumeukomea.

Leo lori la kiwanda lilikuja wakati watoto wako mstarini. Halikuleta kokoto. Limekuja kuzizoa! Watu kumi na makoleo, pua zimefungwa vitambaa. Hakuna barua, hakuna taarifa. Vumbi jeusi likapanda mpaka madirishani. Yule wa shati jeupe akasema wamegundua mzigo haukuwa na ubora, wanausawazisha.

Mama mdogo hakupandisha sauti. Aliwatoa watoto wote kwa geti la nyuma, darasa kwa darasa, kila mmoja kaziba pua kwa kola yake. Wamwambie mzazi aje sasa hivi. Halafu akaingia ofisini, akavuta kiti chake, kile cha magurudumu, akakiburuta juu ya kokoto mpaka mbele ya lori. Akakaa.

"Mkiondoka nazo, nani atajua zilikuwepo?"

Dereva alipiga honi. Akapiga tena. Mama mdogo kaweka mkono shavuni, kama anasimamia mtihani. Baada ya nusu saa mwalimu wa darasa la tatu akaja kumpokea kiti. Sasa wanapokezana.

Akaniita: kalete zile karatasi.

Ninazo hapa. Wazazi wamejaa uwanjani, wanakanyaga zile zile, wengine wamepakata watoto. Daktari kapiga mara saba. Sijapokea. Kaniandikia: fikiria kazi yako, fikiria na mtoto. Nimeisoma mara mbili. Sijui ananionya au ananitisha. Labda yeye mwenyewe hajui.

Mama mdogo amepanga kila kitu kama siku ya matokeo. Majina yasisomwe hadharani. Kila mzazi aingie peke yake, apewe kipimo cha damu ya mtoto wake, aelekezwe hospitali. Kisha kasema, bila kunitazama:

"Lakini watauliza kwanza tulijua lini. Mimi nitasema Ijumaa. Wewe utasema lini?"

Jumatano. Wiki iliyopita. Siku nane leo. Mpaka yule mtoto anaanguka zilikuwa siku sita, na zote isipokuwa Jumamosi na Jumapili alicheza pale. Nimehesabu mara nyingi, haipungui.

Jirani kafika. Namwona kupitia dirisha, katoka hospitali moja kwa moja, pacha wa pili mgongoni. Watu wanampisha bila kuombwa. Anautazama mlango huu.

Amegonga. Si kwa nguvu.

Mama mdogo ananiangalia. Namwomba dakika moja, moja tu, nipange maneno.

Ameshika komeo.