Shanga za Kalenda

Kola, 12 Mei 2024

Mwendwa mwanangu,

Pokea salamu za huku Kola. Mvua imetukumbuka na mbaazi zimesimama vizuri. Wewe je, Muscat hujambo? Hao watoto unaowalea hawakusumbui sana? Anayeandika ni Nzilani, jirani yetu, kwa simu yake. Mimi naongea tu, kwa sababu mkono wa kulia bado haujarudi tangu kile kiharusi cha Februari. Daktari anasema vidole vipewe kazi. Kazi gani, na hata kijiko kinanishinda?

Kaka yako Mutinda alikuja jana. Anataka nihamie kwake Syokimau, ghorofa ya nne, mbuzi wauzwe, nyumba ifungwe. Nililia, Mwendwa, tena mbele yake. Amesema kikao cha familia ni Agosti. Kama siku hiyo siwezi kujifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe, anakuja na pikapu kunibeba. Mimi Munyiva, nibebwe kama gunia la makaa! Hapa ndipo nilipozaa, na hapa ndipo nataka kuzeekea.

Mwaitu wako,
Munyiva


Muscat, 19 Mei 2024

Mwaitu,

Salamu nyingi sana, mama yangu. Mimi niko mzima, joto tu ndilo linatumaliza. Nzilani, asante dada, Mungu akuzidishie.

Mama, acha kulia, niko na kazi yako. Huku na watoto tunatengeneza shanga za karatasi. Chukua kalenda ya zamani, ile karatasi ngumu inayong'aa. Nzilani akukatie vipande virefu, mwanzo upana wa dole gumba, mwisho ncha. Paka gundi upande usio na picha. Weka njiti ya kuchokoa meno kwenye ule upande mpana, viringisha pole pole, ncha iishie katikati. Bana kidogo, chomoa njiti, anika. Zikikauka, paka varnishi.

Ni dole gumba na kidole cha shahada tu. Na hivyo ndivyo vidole vya kufunga kitambaa.

Bintiyo,
Mwendwa


Kola, 9 Juni 2024

Mwendwa,

Hujambo mama? Sisi tuko salama, ila nimekasirika.

Hii kazi yako ni ya watoto wa nasari, lakini nimeifanya. Nzilani alisema tununue gundi dukani. Nikamwambia, ya nini, na mimi nimepika gundi ya unga wa ngano tangu nikiwa msichana? Nikapika, nikaviringisha, nikaanika kwenye uteo hapo nje. Kwenda kuangalia mbuzi na kurudi, kuku wamekula shanga zote! Unga ni unga, hata ukiwa na picha ya nyanya juu yake. Nzilani alicheka mpaka akakaa chini, huyu mtu hana huruma kabisa.

Sasa tumenunua gundi ya duka. Ona picha, shanga mpya hizi. Si ni nzuri?

Mwaitu wako

(Mwendwa, ni mimi Nzilani. Hizo anaviringisha na mkono wa kushoto. Usiseme nimekwambia.)


Muscat, 16 Juni 2024

Mwaitu mpendwa,

Umeamkaje? Kuku wamependeza kweli, na matumbo yao yamejaa maua na nyanya.

Picha nimeona. Shanga ni nzuri sana, ndiyo sababu nina shaka nazo. Zimekazwa sawasawa kila mahali, hakuna hata moja iliyopinda. Mama, mkono mgonjwa hautengenezi vitu kama hivyo. Huo ni mkono wa kushoto! Unamdanganya nani, mimi au Mutinda?

Utie mkono wa kushoto mfukoni mwa aproni, Nzilani aufunge mfuko na pini. Nataka mbaya. Nitumie zilizolegea, zilizochanika, zenye gundi kila mahali. Usiponitumia mbaya sitakuandikia tena, na unajua mimi nimerithi kichwa chako.

Bintiyo


Muscat, 28 Julai 2024

Mwaitu, habari za siku nyingi?

Mwezi wote huu umepita kimya. Nzilani naye hajibu. Kama umekasirika, nitukane, lakini andika. Mutinda amenipigia, anasema ameshaongea na mtu wa pikapu. Niko huku mbali na roho yangu haitulii. Kama mkono umekataa, niambie tu. Sitakucheka kamwe.

Bintiyo,
Mwendwa


Kola, 19 Agosti 2024

Mwendwa wangu,

Hujambo mwanangu? Nzilani amepiga picha hii karatasi tu. Anayeandika ni mimi, kwa kalamu, mkono wa kulia. Mistari inapanda na kushuka, soma hivyo hivyo.

Nilinyamaza kwa sababu ya hasira. Shanga mbaya zilijaa sufuria, nyingine nilizitupa ukutani nikatukana. Nikamkataza Nzilani asikujibu. Kisha asubuhi moja, shanga moja ikatoka imekaza. Nikapiga kelele, Nzilani akaja mbio akidhani nimeanguka.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Mutinda alifika na pikapu, wazee wakakaa, akasema, "Haya, mwaitu, kitambaa tuone." Nikajifunga pale pale, vizuri, kama naenda kanisani. Akasema labda ni bahati.

Bahati? Nikamwambia, "Inama." Nikachukua uzi wenye shanga zangu, nikampitishia shingoni, nikafunga fundo nyuma ya shingo yake kwa mikono miwili, mbele ya ukoo wote. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mutinda akalia, mwanaume mzima! Akaondoka na pikapu tupu.

Amepiga simu saa hii. Anasema fundo limekataa kufunguka, mkewe amejaribu na hata jirani amejaribu, na uzi hataki kuukata. Aende kazini vipi na shanga za mama?

Nimemwambia arudi Kola, nimfungulie.

Mwaitu wako,
Munyiva