Unga wa Kokwa za Zambarau na Koti Jeupe

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Ninaomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana huku Kinole kila mtu ananijua. Mimi ni msichana niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ni mwenye aibu sana, na shida ilianza nilipomsomea baba mdogo Sufiani habari kwenye simu kwamba wanasayansi wanachunguza kokwa za zambarau kwa ajili ya kisukari na wamejaribu kwa panya wakaona matumaini, akaruka, "Panya anapona, sembuse Mluguru kama mimi!" na kesho yake tukaanza kuanika kokwa juu ya bati, tunatwanga, tunauza gulioni, mimi nimekaa nyuma ya meza na koti jeupe la maabara kwa kuwa nilifaulu Baiolojia. Watu wakiniuliza swali ninaona aibu, ninainama, nao wananong'onezana, "Mmemwona daktari? Hana maneno mengi!" na wananunua.

Sasa bibi yangu, Bi Mwanvita, ameacha vidonge vya kisukari vya hospitali, asubuhi analamba kijiko cha unga kisha anakunywa chai ya sukari vijiko vitatu, eti dawa isikose kazi, na mguuni ana kidonda kinachonuka na anasema hakimuumi. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Bibi, vidonge," akacheka, "Mjukuu wangu, kama unga una hatari, wewe daktari si ungeshasema gulioni?" Nifanyeje bila kumwaibisha baba mdogo?

Mwenye Aibu, Kinole

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ninakuhurumia, ila acha nikugombeze kwanza. Bibi ana kidonda asichokisikia, nawe unamwonea huruma Sufiani? Kidonda kinachonuka bila kuuma ndicho cha kutisha. Mguu hukatwa hivyohivyo, mwenyewe akitabasamu.

Zambarau haina kosa. Huenda siku moja kokwa zake zitatoa dawa. Wanaochunguza bado wanachunguza, na panya wao hawateremshi dawa kwa chai ya sukari. Hakuna aliyemwambia mtu aache vidonge.

Vua hilo koti. Sufiani akikasirika, alivae yeye, ajibu maswali. Leo hii ita bodaboda, mpakie bibi, beba vidonge pamoja na huo unga, mwonyeshe tabibu vyote viwili, maana kuvichanganya kienyeji nako huweza kushusha sukari kupita kiasi. Bibi akigoma, usibishane naye habari za panya. Lia. Hakuna bibi anayemshinda mjukuu anayelia, na kulia hata mwenye aibu anaweza. Lia mpaka mlangoni pa zahanati.