Kiti cha Akina Wetherall

Yorkshire, Aprili 1929

Kaka Lionel,

Huku mvua haijakatika, na mbwa wako kazaa tena.

Najua Baba amekuita urudi kutoka Kanada ugombee ubunge, kiti alichokalia yeye, na babu, na baba yake babu. Hakukwambia ya Jumamosi. Alipotangaza jina lako mbele ya wanachama wa chama chetu, Hobday muuza nyama alipaza sauti: “Bwana mkubwa, mwanao hatumjui! Msibani tunamwona binti yako.”

Baba akacheka. “Cordelia? Huyo kazi yake kumimina chai.”

Nilisimama. “Baba, nami nagombea.”

Wanachama wakapiga kura kwa mikono, Baba akiukodolea macho kila mkono. Nikashinda; mgombea wa chama ni mimi.

Tangu hapo hakusema nami. Hata chumvi aliniomba kupitia kwa mtumishi. Jana nikamkuta mlangoni, kavaa kofia.

“Unahutubia wapi?”

“Sokoni.”

“Watakuzomea. Sema polepole, na walevi usiwajibu.”

Akatangulia kupanda gari.

Kwa hiyo usirudi kwa ajili ya kiti, Lionel. Njoo umwone Baba, amezeeka. Njia nzima mikono ilimtetemeka.

Dada yako akupendaye,
Cordelia