Mipira ya Hita ya Pikapu

Mpendwa Kendi,

Hapa Githongo tu wazima. Babu yako anapalilia kahawa na anakusalimu sana. Umeniuliza kama unaweza kubadilisha mwenyewe mipira ya hita, ile ya kupitisha maji ya moto, inayovuja kwenye gari lako.

Nilipokuwa msichana, pikapu ya baba ilivuja hivyo hivyo, ndizi zetu za soko zikiwa zimeanza kuiva. Baba alikuwa mgonjwa, ila mipira mipya alikuwa ameshanunua, nikaamua kuifunga mwenyewe.

“Wacha hiyo,” mjomba wangu aliniambia. “Ukivunja paipu ya hita, gari halitoki hapa.”

“Sitavunja, mjomba.”

Nilingoja injini ipoe, nikalegeza klipu inayobana mpira kwenye paipu, nikauvuta. Ulikuwa umeshika kabisa. Nikaogopa kuvunja paipu, nikaacha kuvuta, nikaupasua kwa kisu kwa urefu wake, ukatoka. Mpya niliupaka maji ya sabuni, nikausukuma, nikakaza klipu. Wa pili ulikuwa haujavuja, lakini ulikuwa umezeeka vilevile, nikaubadilisha pia. Kisha nikajaza maji kwenye rejeta.

Tulipowasha injini, mjomba aliinama kwa muda mrefu akitafuta tone. Hakuliona.

“Ingia,” akasema, “twende sokoni Gakoromone.”

Ngoja injini ipoe, mjukuu wangu, kisha uanze.

Nyanya yako