Taa ya Kijani Nyuma ya Nyumba ya Mama

Jumamosi, jioni. Katesh.

Mvua haijakatika tangu katikati ya wiki, na baridi ni ile inayoingia hadi kwenye mifupa. Ninaandika nikiwa kwa shangazi, upande wa chini wa mji, kucha zangu bado zina matope. Mama amekaa karibu na jiko. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi simu Dongobesh. Baba yangu alikufa kwenye yale maporomoko ya Mlima Hanang, alfajiri, akiwa ametoka kuwafungulia ng'ombe. Nyumba yetu ya Jorodom ilibaki imesimama. Mama amekataa kuhama, kwa sababu kaburi la baba liko pale na shamba liko pale. Aliniomba jambo moja tu, kwamba asilale tena bila mtu wa kumwamsha mlima ukishiba maji.

Mtu huyo nikajifanya mimi, kwa kutumia bodi.

Ni bodi ndogo ya elektroniki, ile ambayo wanafunzi na watu wanaopenda kuchokonoa vitu hununua kujifunzia. Unaiunganisha na kipimo cha unyevu, kipande chembamba kama ulimi ambacho unakichomeka ardhini. Kipimo hicho hakijui kusema ndiyo wala hapana. Kinatoa umeme kidogo unaopanda udongo ukikauka na kushuka udongo ukilowa, na bodi inaugeuza kuwa namba, kuanzia sifuri hadi elfu moja na kidogo. Namba kubwa ni ukavu, namba ndogo ni maji. Nilikijaribu dukani kwenye kopo la udongo mkavu, kisha kopo la tope, na katikati nikaweka mpaka wangu. Juu ya mpaka inawaka taa ya kijani. Chini yake inawaka nyekundu, na king'ora kinalia. Bodi nimeiwekea laini ya simu, nayo inanitumia namba kwa meseji kila asubuhi, na kila taa inapobadilika rangi.

Nilikichomeka nyuma ya nyumba, pale mteremko unapoanza. Mama Boay, jirani wa Mama, alikuja kushangaa. Nikawaambia wote wawili: mkiona kijani, laleni.

Wiki hii mvua imepiga bati la duka langu hadi siwasikii wateja, na namba ya Jorodom imekaa palepale, mia sita na kidogo, kijani. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimwonyesha mteja mmoja jinsi ilivyotulia. Fundi mzima! Simu ingeonyesha chaji imejaa kutwa nzima bila kushuka, ningejua mara moja kwamba ni mbovu.

Jana Mama alinipigia. Majirani wengi wameshuka kwa ndugu zao, akasema, ila yeye na Mama Boay wamebaki. Mama Boay huyu, tangu yale maporomoko, akiona wingu tu anabeba wajukuu na kushuka. "Sisi tuna taa," Mama akasema, kwa sauti ya mtu mwenye raha zake.

Ndipo nikaifikiria upya ile namba isiyoshuka. Leo asubuhi nikapanda gari la kwanza.

Nilimkuta akikatia ng'ombe majani. Nikamwamkia shikamoo, sikungoja chai, nikazunguka nyuma.

Kipimo kina kibanda. Mama amekijengea: miti minne, kipande cha bati, nyasi juu yake. Kukizunguka amechimba mfereji safi ili maji yapite pembeni, kama ule aliouchimba kuzunguka kaburi la baba. Kwetu huku milimani hakuna anayefundishwa hilo. Kitu unachokithamini unakifunika na kukichimbia mfereji, iwe nyumba, iwe kaburi, iwe ghala la mahindi. "Nilikihurumia, mwanangu," aliniambia. "Kinatulinda sisi, halafu chenyewe kinanyeshewa."

Kazi yake ni kunyeshewa. Hilo sikuwahi kumwambia.

Nilikichomoa, nikapanda hatua chache, nikakichomeka kwenye ardhi iliyo wazi. Kilizama bila kusukumwa. Namba ikaanguka chini ya mia tatu, taa ikawa nyekundu, king'ora kikalia mpaka ndama akakata kamba. Mama alisimama mikono kifuani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nalala tu?"

Nililia mbele yake. Yeye hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, na alipotaka kwenda kuwafungulia ng'ombe nilimzuia, nikaenda mimi.

Tulipita kwa Mama Boay. Nilimwambia mambo yote: umeme, namba, kibanda, mfereji. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyonitazama kama mtu aliyemharibia kitu chake kizuri. "Martina," alisema, "jana ilikuwa kijani. Leo umekuja wewe, umeishika, ndiyo imekuwa nyekundu. Irudishe mahali pake." Mama alimsihi kwa Kiiraqw. Alitikisa kichwa, akarudi ndani kwa wajukuu.

Simlaumu. Amechoka kukimbia. Ile taa ilimpa usingizi ambao hakuwa nao tangu alfajiri ile, nami niliona fahari kuwa mtu aliyemletea usingizi. Nikakiacha king'ora kikilia kule juu, nikidhani kelele zitamshinda, atatufuata.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, kwa sala.

Lakini simu imetetemeka sasa hivi juu ya meza. Meseji kutoka kwenye bodi. Mia sita na kumi na mbili. Kijani.

Nimeisoma mara ya pili. Mvua ndiyo kwanza inaongezeka. Hakuna udongo unaokauka kwenye mvua hii, isipokuwa ule ulio chini ya bati la Mama. Mama Boay amepanda, amekichomoa, amekirudisha kwenye kile kibanda cha Mama. King'ora kimenyamaza. Sasa hivi anawaambia wajukuu walale.

Nampigia, hapatikani.

Bado kuna mwanga kidogo nje. Navaa mabuti. Simbebei namba yoyote, wala simwelezi tena habari za umeme. Nitamwambia kwamba naogopa, kitu ambacho sikumwambia siku ile nilipomletea taa. Asipotoka, nitakaa mlangoni kwake niwe mimi king'ora.