Hanan wa Kwetu

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Mvua imekatika na kaka amepona jino. Umeuliza kama jina Hanan litamfaa bintiyo. Ni la Kiarabu, maana yake huruma. Limeenea mno; kliniki ninakoandika kadi za watoto, mwezi huu nimeandika sita. Mama alipokuwa mjamzito nilimtajia jina hilo, akacheka, "Ukiita Hanan mlangoni, watageuka kumi!"

Mtoto wa kwetu, kama ulivyosikia, aliishi siku mbili. Asiyepewa jina huandikwa "mtoto wa kike" tu. Muuguzi alinipa kadi, nikaandika Hanan. Mama hajui.

Mpe bintiyo jina hilo, shangazi. Ila ukija naye, usilitaje mbele ya mama, mpaka nipate ulimi wa kumwambia.

Mwanao, binti wa kaka yako